Balizi Ililia Mara Moja

Muderhwa alikuwa amekwisha kupita migomba ya jirani, fimbo mkononi na mfuko begani, na Marguerite alikuwa bado anamkimbilia nyuma na kandambili moja iliyotaka kumtoka mguuni.

“Mzee, umesahau balizi.”

“Sikuisahau. Nimeiacha ipumzike.”

“Toka ifike haijafanya kazi hata siku moja. Inapumzika nini?”

Muderhwa akasimama, maana tangu waoane hakuwahi kumshinda mke wake kwa maneno akiwa amempa mgongo. Marguerite akaufungua mfuko, akakisukuma ndani kile kimashini cha njano, kikubwa kama kipande cha sabuni, kati ya viazi vitamu vya kuchemsha na sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga alizomfungia kwenye jani la mgomba. Kisha akamfunga kifungo cha juu cha koti. Akakifungua, akakifunga tena, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri.

“Uangalie njia, usiangalie ndege.”

“Ndege ndio wananionyesha njia,” akasema, akaenda zake.

Huyu Muderhwa ni mtu wa Bukavu aliyevuka Ruzizi kijana, mgongoni robota la vitenge, akatembea na hilo robota soko kwa soko, Giheke, Nyakarenzo, Bugarama, mpaka mbwa wa kila kilima wakaacha kumbwekea. Biashara aliiacha zamani, ila miguu haikuambiwa. Kila mwezi aliondoka nyumbani Gihundwe, akapita Nyakarenzo kwa mguu, akalala njiani kwa watu wa kanisa, na kesho yake akafika Nkungu, pembeni ya msitu wa Cyamudongo, kwa rafiki yake Twagirayezu. Huko walicheza igisoro, kete za mbegu kwenye ubao wa vishimo, wakatukanana mpaka wachoke, halafu akarudi. Ukimuuliza kwa nini asipande moto, ile pikipiki ya abiria, alikujibu kwamba moto inakufikisha kabla hujaenda.

Masika yaliyopita aliteleza karibu na mashamba ya chai, mguu ukanasa mtaroni. Kupiga kelele za kuomba msaada aliona haya, basi akawa anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa, mpaka akina mama wachuma chai wakaja kuona ni mlevi gani huyo anayemsifu Mungu shimoni. Habari hiyo ilifika kwa watoto. Bruno, mkubwa, anayekaa Kigali, akasema wazazi wahamie kwake, kuna chumba, kuna geti, kuna mlinzi. Sandrine, aliyeolewa Ubelgiji, akamtuliza kaka yake kwa kuleta balizi, kimashini cha kuita msaada. Mume wake Christophe-Aimé huenda na wenzake kuwinda nguruwe pori kwenye misitu ya kule, na kila mmoja hubeba ya kwake, akivunjika mguu mahali pasipo na rezo, mtandao wa simu, wajue alipo.

“Lakini nikisikia tena Papa amepata shida,” Sandrine alisema, “sitamzuia Bruno. Atakuja na gari.”

Siku ya kuifundisha, Sandrine aliongea kwenye simu na baba yake muda mrefu, Marguerite akiwa pembeni anachambua maharagwe.

“Unainua kamkonga haka ka antena, Papa, unabonyeza hapa pekundu. Lakini ni kwa shida kubwa tu.”

“Nikibonyeza, nani anasikia?”

“Satelite inasikia. Batu ba satelite bananiita mimi, na mimi naita Maman.”

“Kwa hiyo inafika kwa mama yako.”

“Inafika.”

“Hata pale hakuna rezo?”

“Hata pale, Papa.”

“Na haitumii uniti.”

Sandrine akacheka. “Haitumii uniti.”

Muderhwa akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelewa sana. Marguerite aliiona ile namna ya kuitikia. Anaijua. Ndivyo alivyoitikia pia siku alipoelezwa namna ya kupika wali, na sufuria ile haikutumika tena.

Sasa lazima ujue jinsi hawa wawili walivyozoea kuongea. Zamani, simu zilipofika na uniti, muda wa maongezi, zilikuwa ghali, Muderhwa alibipu. Simu ya Marguerite ikilia mara moja na kukatika, amefika salama. Ikilia mara mbili, analala njiani. Ikilia mara tatu, anarudi, weka maji motoni. Marguerite hakuipokea hata siku moja. Uniti zilishuka bei, watu wakaanza kuonana sura kwenye simu, wao waliendelea vilevile. Mlio ule mmoja ulimtosha. Akiusikia, alikuwa anaweka mkono juu ya simu kidogo, kama mtu anavyoweka mkono juu ya kichwa cha mtoto anayepita, kisha anarudi kwenye kazi.

Basi siku ya pili ya safari hiyo, mchana ukiwa umeelekea jioni na mawingu yakipanda kutoka upande wa ziwa, Marguerite alikaa barazani anangoja mlio wake. Simu ikalia, na haikukatika. Alikuwa Sandrine, na alikuwa analia.

“Maman, balizi ya Papa imelia. Bamenipigia sasa hivi. Iko karibu na ule msitu.”

Marguerite akasimama bila kujua amesimama. “Imelia namna gani?”

“Imelia tu.”

“Nakuuliza namna gani, Sandrine. Inaendelea?”

“Hapana. Imelia kidogo halafu ikazimika. Banasema pengine imeanguka mu maji. Pengine Papa ameanguka nayo.”

“Ao aliikata mwenyewe.”

“Nani anakata balizi, Maman? Ile si simu.”

Marguerite akatazama upande wa msitu. Alikuwa amekwisha kujua. Alimwona mume wake kabisa, amesimama kwenye kilima kile kisicho na rezo, koti limefungwa mpaka juu, anainua kamkonga, anabonyeza pekundu, anahesabu moyoni muda wa mlio mmoja, anakata. Nimefika, Marguerite. Mara moja.

“Maman, uko?”

“Niko.”

“Bale ba uokoaji ba Kigali banataka kuita batu ba pale kilimani bamutafute. Niwaambie nini?”

Hapo ndipo palipombana. Akisema hiyo ni bipu tu, waacheni, na kumbe mzee kalala kwenye mtaro mwingine na safari hii hakuna anayechuma chai karibu, basi atakuwa amemuua kwa mdomo wake. Akisema waende, na kumbe mzee yuko anakula, kilima kizima kitajua, Sandrine atajua, na Bruno atawasha gari. Muderhwa nyuma ya geti. Alijaribu kumwona hapo pia, na alimwona vizuri mno, ameketi kwenye kiti cha plastiki, anamuuliza mlinzi barabara ile inakwenda wapi.

Mvua ikaanza kugonga mabati.

“Waambie waende,” akasema. “Na mimi naenda.”

“Wewe? Na mvua hii?”

“Ni mume wangu, Sandrine. Si wa satelite.”

Akajifunga kitenge cha pili mabegani, akamwita Nshimiyimana, motari wa pale kona aliyezoea kumpeleka sokoni. Huyo akatazama mbingu, akamtazama yeye, akampa kofia ya moto bila kuzungumzia bei. Walikwenda kwenye lami hadi ilipoishia, kisha wakapanda udongo, gurudumu likicheza huku na huku. Marguerite alikuwa anasali kwa sauti masikioni mwa motari.

“Maman, punguza kidogo. Unasali mpaka naona ni mimi nitakufa.”

“Wewe endesha. Nimekuweka na wewe ndani.”

“Umeniweka wapi?”

“Mwishoni.”

“Basi niongeze mwendo kabla hujafika kwangu.”

Mvua ilikuwa imekatika walipofika kwenye kilima cha mwisho kabla ya msitu. Nshimiyimana akazima injini. Chini yao, kwenye njia nyembamba, walikuja wanaume wa kijiji kwa mstari, miguu imejaa matope, na katikati yao wanne walibeba ingobyi mabegani, ile machela ya kusukwa inayopeleka wagonjwa hospitali na wafu kaburini. Juu yake palikuwa na kitu kimefunikwa turubai.

Marguerite akashika kiti cha moto. Nshimiyimana alivua kofia yake, akaishika tumboni.

Kisha sauti ikatoka chini ya turubai.

“Muniteremushe. Nina miguu. Muulizeni muntu yeyote katika wilaya hii kama sina miguu.”

“Tulia, Mzee,” akasema aliyebeba mbele. “Kigali walisema tukulete.”

“Kigali wamenionea wapi?”

Turubai likafunuka. Muderhwa alikuwa ameketi wima kama askofu, viatu vyake mapajani, shavu moja bado limejaa. Nyuma ya ingobyi alifuata Twagirayezu, mwembamba, amekumbatia ubao wa igisoro chini ya kwapa, anacheka mpaka anasimama kupumzika.

“Nilikuwa namushinda,” akasema Twagirayezu kwa Marguerite, badala ya salamu. “Andika hiyo. Walimchukua nikiwa namushinda.”

Wakaiweka ingobyi chini. Marguerite akaenda hadi pale, akamshika mume wake kifundo cha mguu mmoja, akashika cha pili, akamgusa mikono, akamgusa kichwa chini ya kofia. Vyote vilikuwepo, vina joto.

“Nilikubipia,” akasema Muderhwa, kwa sauti ndogo.

“Nilijua.”

“Ulijua? Sasa kama ulijua, mbona umeniletea nchi nzima?”

“Nikikosea hivi, utanikasirikia wewe. Ningekosea vile, ningekasirikiwa na nani?”

Muderhwa akaangalia viatu vyake. Halafu akatoa kwenye mfuko kiazi kitamu, akakikata vipande viwili, akampa nusu kubwa. Marguerite hakuwa amekula tangu asubuhi. Alikula amesimama, machozi yanamtoka, na wale wanaume wakageuka kutazama msitu.

Pale hakuna rezo, basi walishuka wote hadi inapopatikana. Simu ya Marguerite ikaita; ni Sandrine. Mkuu wa kijiji, aliyekuwa na wale wanaume, alimnong’oneza Marguerite aseme mzee aliteleza kidogo, ili msako ule uwe na sababu. Marguerite akakataa kwa kichwa. Akamweleza Sandrine yote kama yalivyokuwa, mlio mmoja na maana yake, tangu zile siku za uniti ghali ambazo Sandrine mwenyewe alikuwa bado mgongoni.

Upande wa pili Sandrine alipenga kamasi. Kisha akasema, “Kwa hiyo alikuwa anakusalimia.”

“Njo hivyo.”

“Maman, Bruno amekwisha kutoka Kigali.”

“Mwache afike, atakula. Lakini hatuendi. Huyu ukimweka nyuma ya geti atakufa na afya yake yote. Atatembea. Ila balizi nitaibeba mimi.”

“Utaibeba wapi?” akauliza Muderhwa.

“Kule unakokwenda.”

“Na goti lako lile?”

“Utatembea polepole. Njiani utanieleza hao ndege.”

Muderhwa akamfunga kile kitenge cha pili mabegani, akakifungua, akakifunga tena.

Bruno alifika kesho yake asubuhi, akala, akalala, akarudi Kigali peke yake. Mkuu wa kijiji aliitwa wilayani kueleza, akaeleza, yakaisha. Christophe-Aimé aliandikisha jina la Marguerite kwenye balizi. Wazee wawili walikwenda Nkungu pamoja kiangazi chote na masika yaliyofuata, siku tatu badala ya mbili. Twagirayezu alikufa kwa homa ya mapafu mwaka uliofuata, wakaenda kumzika kwa mguu. Nshimiyimana aliuza moto, sasa anaendesha gari la mizigo Bugarama. Sandrine alikuja likizo mara moja. Goti la Marguerite lilikataa vilima, na Muderhwa hakutaka kwenda bila yeye. Siku hizi wanakwenda hadi soko la Kamembe na kurudi. Balizi iko kwenye kabati, betri yake imekwisha muda.