Msumeno wa Bwana Harusi

Siku dada yangu Zerlina alipoolewa na Hezron, fundi seremala, sisi watu wa Cat Island, kisiwa cha Bahamas, tuliojaa pale uani hatukutaka kingine ila kucheza. Mbuzi alishaliwa, wali wa mbaazi umebaki ukoko, na Mjomba Thaddeus keshavaa kodiani yake kifuani.

Tulichongoja ni ngoma ya Cleophas tu. Aliiinamisha motoni ngozi ikaze, huku akitaniana na mjomba.

"Leo nitakufunika. Hicho kisanduku chako hakitasikika."

"Nenda kafunike sufuria, bwana. Mimi si mchuzi."

Wakacheka, na Cleophas akaisahau ngoma motoni. Ngozi ikapasuka pwaa.

Mjomba akajaribu kupiga peke yake. Kodiani ililia vizuri, lakini miguu haikupata pa kukanyaga.

"Thaddeus," mama akamwambia, "hii ni harusi au matanga?"

Watu wakaanza kutafuta kofia zao. Nikamwona Zerlina anauma mdomo. Hapo Hezron akainuka, akaingia bandani alimotengenezea mabenchi ya wageni, akatoka na msumeno.

"Shemeji, unataka kutukata miguu?" nikamuuliza.

"Nataka kuwaongezea."

Akaketi, akaukunja ule msumeno pajani, akachukua kisu cha nyama na kuukwaruza kwenye meno. Krii-ka-krii, krii-ka-krii. Mama akaziba masikio. Mjomba akatega la kwake, kisha vidole vikaanza kuifuata ile sauti. Hezron alipoukunja zaidi, msumeno ulipandisha sauti; alipoulegeza, ukaishusha. Cleophas, aliyekuwa amenuna kando, akageuza debe tupu la mafuta akalipiga kwa viganja.

Zerlina akavua viatu, akakusanya gauni lake jeupe mkononi, akaruka katikati. Mama akamfuata. Vumbi likatimka, waliokwisha fika barabarani wakarudi mbio, na bibi mmoja wa kanisani akawa anacheza na sahani yake ya wali.

Juma lile lile wakaja watu wa kijiji jirani kumtafuta Hezron. Akadhani wanataka milango.

"Milango tunayo," wakasema. "Tuna harusi Jumamosi. Njoo na msumeno."

"Na mimi je?" Zerlina akauliza.

"Wewe ndiye tunayekutaka kwanza. Nani mwingine atawaamsha wanawake wetu vitini?"

Zerlina akaingia ndani kulifua gauni lake.