Hakuna Atakayepungua

Tangazo la kwanza la Liz lilikaa wiki mbili kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa, na aliyelimaliza lote ni mbuzi wa mzee Elkana. Lilisema: PUNGUZA UNENE KWA YOGA, JUMANNE NA ALHAMISI, SAA TISA. Ufunguo wa ukumbi ule hapa Homa Bay niliuweka mimi. Kila siku ya mazoezi nilimfungulia, akatandika mikeka yake sita, akakaa peke yake hadi saa kumi na nusu, kisha akaikunja.

Wiki ya tatu nilishindwa kuvumilia.

"Nyathina," nilimwambia, yaani mtoto wangu, "hapa hakuna mtu atakuja kupungua."

"Kwa nini, Dani?" Alikuwa amejifunza kuniita bibi kwa Kijaluo. "Nawaona hospitalini ninakofanya kazi. Magoti yanawauma, pumzi fupi."

"Ni kweli. Lakini waliopungua umewaona?"

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na ugonjwa wa kukonda uko kila boma. Kila aliyepungua tulikuwa tumemzika au tulikuwa tunaenda kumjulia hali. Binti yangu niliyemzika Machi, siku zake za mwisho nilimgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Mwanamke mnene alitembea sokoni na mwili wake kama cheti cha daktari. Nani angemshauri akichane?

Basi tukaandika tangazo jipya, mimi nikisema, yeye akiandika: MAZOEZI YA KUKETI CHINI NA KUINUKA BILA KUSHIKWA. HAKUNA ATAKAYEPUNGUA. Tulilibandika juu, mbuzi asifike.

Walikuja watano. Baadaye nilijua kwamba wawili walifuata mazoezi na watatu walikuja kwa huruma, maana Liz mwenyewe alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na hakuna aliyejiuliza mara mbili sababu yake. Mellen, mzaliwa wa Migori anayeuza omena, dagaa wa ziwani, soko la Rodi Kopany, alileta mayai sita ya kuchemsha.

"Mwalimu, kula ukiwa bado una nguvu," alisema kwa ile sauti ya wodini.

Liz alicheka, akala moja. Hakuelewa.

Yoga alikuwa amefundishwa Kisumu, kwenye nyumba ya Wahindi ambako mama yake alikuwa mpishi. Bibi wa nyumba ile alimweka mstari mmoja na wajukuu zake, na mimi nilipenda kulisikia hilo. Lakini wajukuu wale, inaonekana, hawakuwa na matumbo. Mkao wa kwanza aliotuonyesha ni wa mtoto: upige magoti, uyabane pamoja, ukalie visigino, uiname mpaka paji la uso liguse mkeka. Liz alijikunja kama leso.

"Na tumbo?" Mellen aliuliza. "Niliweke wapi, nimpe jirani anishikie?"

Watu walicheka, isipokuwa Tima. Huyu ni mke wa Suleman mwenye duka la vitenge karibu na stendi. Alikuwa amekwama katikati, paji likiwa mbali na mkeka, pumzi zikimpaa. Aliinuka kwa kunishika bega, akatoka nje. Nilimfuata.

"Miaka mitatu naswali kwenye kiti, Dani," alisema, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Najua Mungu anapokea. Suleman ananiambia kila siku, maskini, na kiti hunitandikia yeye mwenyewe. Lakini mimi nataka paji langu liguse chini. Ramadhani ni Januari. Nimejiambia, hii sitaiingia kwenye kiti."

Tuliporudi ndani nilimweleza Liz. Akafikiri kidogo.

"Tukipunguza kilo kumi tu..." alianza.

Wanawake wote watano walimtazama. Mellen akamsogezea yai lingine.

Mimi si mtu wa yoga. Lakini nimepaka sakafu za nyumba kwa kinyesi cha ng'ombe tangu nikiwa msichana, na najua hakuna anayepaka nyumba akiwa amebana magoti.

"Mellen," nilisema, "muonyeshe mwalimu unavyopaka nyumba."

Mellen alipiga magoti, akayapanua, tumbo likapata nafasi yake katikati, akainama na kuzungusha mkono sakafuni kana kwamba kinyesi kipo. Liz alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua daftari lake akaandika. Hilo nalo ni jambo jema, mwalimu kuandika anachofundishwa.

Tima alikuwa amezaliwa kwenye nyumba ya saruji, hakuwahi kupaka chochote. Ikabidi aanze mwanzo. Liz alimkunjia blanketi akaliweka nyuma ya magoti, ili yasikunjwe mpaka mwisho. Akamwekea mengine matatu chini ya paji. Kuinuka, alishika kiti kidogo cha watoto wa chekechea. Kila baada ya mwezi hivi Liz aliondoa blanketi moja la mbele.

Mzee Elkana alisikia kwamba ukumbini kunaabudiwa mungu wa Wahindi, akaja kuchungulia dirishani. Aliona wanawake watano wanapaka nyumba isiyo na kinyesi. Akaenda zake ametulia.

Kila Alhamisi tulipanda mizani ya Liz, kuhakikisha ahadi ya tangazo. Novemba Mellen alipungua kilo moja na hakulala. Wiki iliyofuata kilo ilikuwa imerudi. Nilipomshikia sweta nilikuta pakiti ya sukari ya kilo moja mfukoni.

Wiki hiyo ndipo Liz alipouliza kuhusu mayai.

"Kwani mnafikiri mimi ni mgonjwa?"

Mellen akaanza kumenya yai.

"Mimi ni mzima! Nyumbani kwetu sote ni wembamba!"

"Sawa, mwalimu," Mellen alisema kwa upole. "Kula kwanza."

Kufikia Krismasi sketi ya Liz ilikuwa imembana kiunoni, ikafungwa kwa pini.

Jumanne ya mwisho kabla ya Ramadhani, blanketi la mbele halikuwepo. Swala ya alasiri ilipofika Tima alitandika mkeka wake pembeni, akakisukuma ukutani kiti kikubwa alichokuwa akiswalia, akabaki na kile cha watoto. Alisimama, akarukuu. Kisha mkono kwenye kiti, goti, goti la pili, akayapanua, akashuka.

Paji likafika.

Likakaa huko. Likakaa sana. Liz alianza kuinuka ili akamsaidie, nikamshika mkono. "Mwache." Mellen, ambaye ni Msabato, alikuwa anaomba macho wazi.

Tima aliketi, akarudi chini, akasimama. Alifanya hivyo mpaka rakaa zote nne zikaisha.

Alipotoa salamu Mellen alipasuka: "Wewe! Tulidhani umekwama!"

"Nilikuwa na mengi ya kusema," alisema Tima. Paji lake lilikuwa na alama za ukindu.

Alipanda mizani bila kuambiwa. Kilo zile zile za Septemba.

"Hata robo haijapungua!" Mellen alipiga kelele, na wote wakapiga makofi. Tima akachukua yai kwenye bakuli, akalimenya taratibu, akampa Liz.

"Kula, mwalimu," alisema.

Liz akalegeza pini, akala.