Ndama wa Kuazima

Siku Alexander aliposhuka kwenye gari la chuo cha muziki, na wanafunzi wakagombania kumbebea selo yake, ile fidla kubwa inayopigwa mtu ameketi, aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia ni Dorcas. Alimkumbatia vizuri kabisa, akamsifia na shati. Anayetaka kumchinja jogoo hamkimbizi uwanjani.

"Dolcas!" Alexander akacheka. "Bado upo hapahapa Igogo?"

"Nipo. Ningeenda wapi?"

Hiyo "Dolcas" ilikuwa dhihaka ya tangu wakiwa wanafunzi. Dorcas ni Msukuma wa Kisesa, na enzi hizo herufi r ilikuwa ikimponyoka na kugeuka l, hata katika jina lake mwenyewe. Alexander, mtoto wa afisa wa serikali aliyehamia Mwanza kutoka Dar, alikuwa akimkejeli mchana kutwa. Kisukuma chenyewe hakujua hata cha salamu.

Wakati huo ilitangazwa nafasi moja tu ya kwenda kusoma Ulaya, na kila mwanafunzi alitakiwa apige kipande alichokitengeneza mwenyewe. Mama yake Dorcas, mwimbaji wa harusi aliyejulikana Kisesa nzima, alikuwa ametoka kuzikwa. Dorcas akachukua wimbo mmoja aliotunga mama yake na kuupangia selo. Ulikuwa wimbo wa mashangazi wa kumtania bwana harusi. Na kwa kuwa Alexander, pamoja na kejeli zake, alikuwa rafiki yake, alimpigia yeye kwanza, wawili peke yao.

"Unaitwaje?" Alexander akauliza.

"Mahali," akajibu Dorcas.

Alikusudia kusema "Mahari." Ajabu ni kwamba yule mcheka ndimi za watu, siku hiyo hakucheka. Alilichukua neno kama lilivyotamkwa, akaondoka nalo.

Siku ya mtihani Alexander aliitwa kwanza. Dorcas alipoingia baada yake na kupiga kidogo tu, Mwalimu Chenge, mwalimu wao waliyemwona kama baba, aliinua mkono mbele ya wasimamizi wageni. "Simama hapo, Dorcas. Huu ameupiga Alexander sasa hivi. Hapa hatufundishi wizi."

Dorcas alilia, akaapa kwa kaburi la mama yake. Nani atamsikiliza mwizi anayelia kuwa kaibiwa? Alexander alipanda ndege, na "Mahali" ikampa jina duniani. Dorcas alibaki, akafundisha, akawa mwalimu mzuri kuliko wote pale, lakini kila kundi jipya la wanafunzi lilikuja kunong'onezwa: huyu ndiye aliyeiba wimbo wa Alexander. Karibu miaka ishirini alikula na mnong'ono huo na kulala nao. Msamaha hakuutaka. Alitaka jina lake lisafishwe palepale lilipochafuliwa, na amwone Alexander akidhalilika mbele za watu kama alivyodhalilika yeye.

Kwa hiyo Mwalimu Chenge, ambaye sasa ndiye mkuu wa chuo, alipomwambia aandae darasa la wazi ili Alexander awasahihishe vijana wa selo hadharani, Dorcas alijibu, "Kwa furaha, Mwalimu," na kweli ilikuwa furaha. Alialika wazazi. Kisha akampigia simu shangazi yake, Kashindye wa Kisesa, akamwomba aje na wenzake wote wa kikundi cha harusi. Hakuwaambia lolote zaidi ya kwamba kutakuwa na soda na wali.

Ukumbi ulijaa. Mashangazi walikaa katikati na vitenge vyao vya sare, wakiyatazama yale maselo kwa mashaka. Mwanafunzi aliyepanda jukwaani alikuwa Gladness, binti aliyekua mikononi mwa Dorcas. Akapiga "Mahali" kama Alexander anavyoipiga kwenye rekodi zake, taratibu, kwa huzuni.

Alexander alimsimamisha pale kwenye kimya. Maana wimbo ule una sehemu ambayo mpigaji ananyanyua upinde na sauti zote zinakoma. Hapo ndipo Alexander hufumba macho, na wazungu, wanasema, hutokwa na machozi.

"Unapaharakisha, binti," akasema kwenye maiki. "Niliutunga nikiwa ugenini, theluji inaanguka. Nikajiuliza, mahali pangu ni wapi hapa duniani? Kimya hiki ni ziwa letu lililotulia. Kipe heshima yake."

Mwalimu Chenge, ambaye aliusikia wimbo huo kabla Alexander hajaiona theluji hata kwenye friji, alikuwa mstari wa mbele akitikisa kichwa kwa kukubali.

Dorcas akainuka. "Profesa, kwa ruhusa yako. Mimi nilimfundisha Gladness mwendo mwingine. Apige kidogo, umsahihishe na huo."

"Apige tu," akasema Alexander kwa ukarimu wa mtu aliyeshiba.

Gladness akaubana upinde, akauanza wimbo kwa mwendo wa ngoma, huku akigonga ubavu wa selo kwa kiganja. Mashangazi wakatazamana. Vichwa vikaanza kucheza, halafu mabega. Selo ikapanda juu kama mtu anayeuliza swali, Gladness akanyanyua upinde, kimya kikaingia. Na mashangazi wakakijaza kwa Kisukuma, kwa kishindo na vigelegele.

Gladness hakusimama. Selo ikauliza tena, wakajibu tena, na safari hii nusu ya ukumbi ilijibu nao. Wasiojua Kisukuma wakawa wanauliza jirani zao, na jirani zao wanashindwa kuwatafsiria kwa kucheka. Bwana harusi kaja, kaja na nini? Na ndama wa kuazima!

Alexander alibaki katikati ya jukwaa na maiki mkononi. Alitabasamu kwanza, tabasamu la mtu asiyeelewa anachekwa yeye au nani.

"Shangazi," Dorcas akaita, "wimbo huu ni wa nani?"

"Unaniuliza? Si wa marehemu mama yako!" Kashindye alikuwa bado anacheza. "Wimbo wa mahari huu! Tunamwimbia bwana harusi anayekuja kujionyesha na mali ya watu."

"Mahari," Dorcas akarudia polepole, akimgeukia Alexander, na ile r akaipiga ikanguruma. "Sio mahali, Profesa. Mahari."

Hapo ndipo Alexander alipoelewa. Uso ukamwanguka kama Dorcas alivyouota kila siku, akaishusha maiki. Dorcas alisikia utamu mwili mzima. Laiti ingeishia hapo!

Lakini Kashindye alikuwa ameshanogewa. Alinyoosha kidole mstari wa mbele, akicheka hadi machozi. "Hata huyu Mwalimu Chenge tulimwimbia siku anaoa! Mama yako ndiye aliyeongoza, ana mimba yako wewe. Ng'ombe zake zilikuwa zimekonda, masikini! Muulizeni, alitujibu mpaka sauti ikamkauka!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Dorcas hakucheka. Alimtazama yule mzee, na mzee akatazama viatu vyake.

"Mwalimu," akasema Dorcas. "Siku ile ya mtihani, uliujua huu wimbo?"

"Dorcas mwanangu, haya mambo ya zamani..."

"Uliujua?"

Kicheko kilikufa safu kwa safu. Mzee alipangusa miwani yake. "Niliujua," akasema. "Lakini kibali cha chuo kilikuwa mezani kwa baba yake Alexander. Ningefanyaje?"

Alexander alikuwa mwizi tu, na mwizi huiba. Lakini huyu! Huyu alijua, akainua mkono, akamwita yeye mwizi. Mke wake alipofariki, Dorcas ndiye aliyekesha jikoni msibani. Kila Krismasi alimpelekea sato wa kukaanga. Kikulacho ki nguoni mwako, na Dorcas alikuwa ameifua nguo hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Alimwambia Gladness afunge selo, wakatoka.

Jumatatu asubuhi Chenge alisimama getini, kama desturi yake, apokee salamu. Dorcas alikuja na wanafunzi wake nyuma. Miaka yote hiyo alikuwa akimpigia goti na kumwamkia. Leo alifika, akasimama wima mbele yake.

"Mambo vipi, Chenge?"

Wanafunzi walikauka. Mdomo wa mzee, kwa mazoea, ulikuwa umeshaanza kutamka "mara..." Akaimeza. Akatazama kushoto, akatazama kulia, vijana wote wanamsubiri.

"Poa," akajibu.