Unda, Fungua

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa ameshabonyeza kitufe ndipo akalisoma agizo lake mwenyewe: UNDA KAMUSI. Alikusudia kuandika FUNGUA. Kompaila, ambayo kazi yake ni kugeuza maagizo ya watu yawe lugha ya mashine, haimuulizi mtu kama ana akili timamu. Ukiiambia iunde kamusi ya data pale penye kamusi, inaifuta ya zamani na kukukabidhi mpya, tupu.

Taarifa za wagonjwa zilikuwepo zote, za hospitali nzima. Lakini kamusi ndiyo iliyoeleza jina linaishia wapi na umri unaanzia wapi. Bila hiyo, mgonjwa alikuwa mlolongo wa herufi na tarakimu usiosomeka, na kesho asubuhi madaktari wangewahitaji wagonjwa wao. Akajaribu nakala ya akiba. Ilikuwa imeharibika zamani, wala hakuna aliyewahi kuikagua, hata yeye mwenyewe. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Aliyeijua kamusi ile kwa mpangilio wake alikuwa mtu mmoja tu, mtalaka wake. Waliiandika pamoja katika chumba hikihiki, meza mbili zikitazamana. Siku hizi kwenye meza ya pili iliwekwa printa mbovu. Tangu waachane hawakuwa wamepeana hata salamu. Wenzake wa ghorofa za juu walimwita fundi huyu Bwana Mashine na kumtania kwamba ana raha, hana wa kumgombeza. Alicheka nao, kisha akashuka kula peke yake akitazama ukuta. Alikuwa mpweke, na alikuwa amechoka kuwa mpweke.

Akampigia simu mtalaka wake. Alieleza harakaharaka, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Umeunda badala ya kufungua," alisema mwanamke.

"Ndiyo."

"Nilikwambia tuweke onyo."

Kweli alimwambia, naye akajibu kwamba fundi anayeijua kazi yake haonywi. Safari hii akavuta kibodi karibu. Mwanamke akaanza kutaja: namba ya mgonjwa, tarakimu nane, jina, herufi arobaini, jinsia, herufi moja. Alisita, akajirudi, akacheka kidogo walipofika kwenye kundi la damu, ambalo walilisahau wakaja kulichomeka mwishoni. Bwana Mashine aliandika. Kwa muda ule chumba kilikuwa na watu wawili tena.

Akaandika FUNGUA, akalisoma agizo tena, akabonyeza. Mashine ikalia mlio wake mfupi wa kukubali. Mgonjwa wa kwanza akajitokeza kamili: jina, umri, mtaa, damu.

"Nimesikia imelia," alisema mwanamke. "Imefunguka?"

Alitazama skrini. Kwenye simu kulisikika sufuria ikifunikwa, katika jiko asilolijua. Akisema ndiyo, wataagana.

"Bado," akasema. "Kuna sehemu haijakaa sawa."

"Sehemu ipi?"

Akaibana simu sikioni. Kisha akasikia kiti kikivutwa, na mtu akikaa.

"Haya," alisema mwanamke taratibu. "Tuanze upya. Namba ya mgonjwa."

Bwana Mashine akaondoa mikono kwenye kibodi, akasikiliza.