Rangi Mbichi Njia Panda ya Krkavec

Kamil Vondrouš alikuja kwangu Jumatano asubuhi na kopo la rangi ya kijivu mkononi, akanitaka niiue njia yangu mwenyewe.

Sikumkaribisha ndani. Nilikuwa mlangoni nanoa shoka, nikaendelea kunoa.

"Kazi ndogo tu, Mzee Kubát," akasema. "Alama zote za mitini kuanzia njia panda hadi hapa kijijini. Zifunike kwa kijivu, basi. Njia ya alama nyekundu sasa itapita upande wa pili, kwenye mnara."

"Mnara wa nani?"

"Unajua wa nani."

Nilijua. Injinia Šulc alikuwa ameusimamisha wakati wa baridi, mnara wa mbao wenye maegesho ya magari na kibanda cha soseji, ili watu wapande waitazame ngome ya Krkavec kwa mbali. Ngome yenyewe imekaa juu ya mwamba tangu enzi za wafalme, na mtu aliye ndani yake huiona nchi nzima mpaka milima ya mpakani. Sasa eti upande mbao za mtu uitazame ngome, badala ya kuingia ngomeni uitazame dunia. Mtu mwenye akili timamu anaweza kufikiria jambo kama hilo?

"Na sababu ya kuhamisha njia?" nikamuuliza.

"Usalama. Kuna miti mikavu pale korongoni. Itamwangukia mtu."

"Nitajie mti mmoja."

"Mzee, kamati imeshaamua."

"Kamati imeahidiwa nini?"

Masikio yake yakawa mekundu. Tangu nilipomfundisha kushika brashi, Kamil husema uongo kwa mdomo na ukweli kwa masikio. "Bwana Injinia atatujengea nyumba ya chama chetu cha watembezi," akasema. "Yenye jiko."

"Basi mwambie Bwana Injinia aje na brashi yake."

"Wewe ndiye mweka alama wa sehemu hii. Lazima iwe kwa mkono wako, watu wasije wakasema."

"Ndiyo maana hutaupata."

Aliliacha kopo kizingitini. Nililipiga teke likabingirika hadi barabarani, naye akalikimbilia, yeye, mwenyekiti wa chama, ameinama kama anayemfukuza kuku.

Njia ile ni yangu. Sisemi nimeinunua. Nilikuwa fundi wa mashine za kuchonga chuma, na jioni, wenzangu wakienda kunywa, mimi nilipanda basi kwenda shule ya ufundi mjini. Nilijifunza hesabu, nikajifunza kuchora, kisha nikaendelea peke yangu na vitabu vya mawe, vya miti na vya ngome. Hakuna aliyeniita Bwana Injinia na sikumwomba mtu aniite. Lakini chama kilipotafuta mtu wa kuipima njia kutoka Krkavec hadi kijijini kwetu Vrbčice, kilikuja kwangu. Kila alama niliiweka mimi: mistari mitatu, mweupe, mwekundu, mweupe, yenye kingo zilizonyooka kama karatasi. Kila masika naipitia upya. Kwetu mtoto huijua alama ya njia kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake, na mtu mzima huiamini kuliko daktari.

Nitasema wazi pia kwa nini lazima njia ile ipite kijijini. Vrbčice duka lilifungwa, kisha posta, kisha shule. Imebaki baa ya binti yangu Blažena. Katikati ya wiki huja wazee wanne wanaokunywa bia moja kwa saa nzima. Jumamosi na Jumapili hushuka watembezi kutoka ngomeni, wana njaa, viatu vimejaa tope, na hao ndio wanaoiweka baa hai. Wakielekezwa mnarani, baa imekufa. Baa ikifa, Blažena atahamia mjini, nami nitabaki Vrbčice na paka.

Kamil alipoondoka nilimkuta Blažena jikoni akikanda unga wa madonge ya plamu.

"Umemwambia nini Kamil?"

"Arudi na kopo lake."

"Hivyo tu?"

"Nimemwelekeza na mahali pa kulitia."

"Baba!" Alicheka huku akijifuta unga puani. "Watu watasema nimelea mzee mhuni."

"Mimi ndiye niliyekulea wewe."

"Ndiyo maana nina mdomo kama huu." Kisha akaacha kucheka, akarudi kukanda. "Jumamosi ni matembezi ya kufungua msimu. Nimeagiza bia, nimeweka nyama kwenye viungo, nimemwomba jirani aje kunisaidia. Wasipokuja, Baba, Jumatatu nakwenda kusaini kazi ya ghalani mjini. Sikutishi. Nimechoka kupikia viti vitupu."

"Watakuja."

"Unasema kama vile wewe ndiye unayewaleta."

"Ni mimi ninayewaleta."

Alilipiga donge la unga mezani kwa nguvu, nami nikajua amekwisha kuanza kufungasha kichwani mwake.

Jumamosi nilipanda mapema hadi njia panda, mkoba wangu wa rangi na brashi mgongoni kama kila masika. Nilipofika damu ilinichemka. Kwenye mti mkubwa wa kulia, mahali pa alama yangu, palikuwa na kiraka cha kijivu. Kwenye mti wa kushoto palikuwa na alama mpya, na mshale unaoelekea mnarani. Tena imepakwa ovyo! Hakuchubua gome kwanza, wala hakungoja mweupe ukauke. Mwekundu umechuruzika kama jamu kwenye kidevu cha mtoto. Hata wizi, Kamil hakuweza kuufanya kwa mkono safi.

Kabla sijavua mkoba, kundi la kwanza likatokea kutoka ngomeni. Mbele alikuwa mama mwenye kofia ya kijani na fimbo mbili za kutembelea.

"Siku njema!" akasema, kama tunavyosalimiana wote njiani.

"Siku njema. Vrbčice ni huku kulia. Kuna supu ya vitunguu saumu, na madonge ya plamu."

Aliutazama mti. "Alama inasema kushoto, babu."

"Alama imekosewa."

"Imewekwa na nani?"

"Na mjinga."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mweka alama wa njia hii."

"Basi mjinga ni wewe," mumewe akasema kutoka nyuma, na kundi zima likaangua kicheko.

Niliwaonyesha beji yangu ya chama. Yule mama aliiinamia kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mjukuu. "Nzuri," akasema. "Lakini miaka yote nimeifuata nyekundu na haijanipoteza. Wanaume ndio wamenipoteza." Akaenda kushoto, na wote wakamfuata.

Likaja kundi jingine, na jingine. Nilizungumza kwa upole, kisha kwa sauti, kisha nikasimama katikati ya njia na mikono nimeitanua. Walinizunguka kama maji yanavyolizunguka jiwe. Kijana mmoja akamnong'oneza mpenzi wake, "Huyu kaanza kunywa mapema."

Wakafika watu kumi hivi na bwana mmoja mrefu aliyening'iniza ramani shingoni. Nikamshika mkono wa koti.

"Bwana, ramani yako inasema nini hapa?"

Akaikunjua. "Nyekundu inakwenda kulia."

"Na mimi nasema nini?"

"Kulia."

"Basi?"

"Basi ramani ni ya zamani." Akauelekeza mti kwa kidole. "Hii alama ni mpya."

"Umeisoma kwa macho yako mwenyewe!"

"Bwana mkubwa, usinikaripie. Kama kila mtu atafuata anachosikia njiani, tutaishia wapi?"

Ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Nimewahi kukasirika na wasimamizi wa kiwanda, na serikali zote mbili, ile ya zamani na hii ya sasa. Lakini Kamil alikuwa na sababu yake, nyumba na jiko. Hawa hawakuwa na sababu yoyote. Walikuwa na macho, ramani, na mtu mzima anayewaambia ukweli usoni, nao wakachagua rangi iliyochuruzika.

Niliutupa mkoba chini, nikatoa kikwangulio, nikaanza kuuchubua mti wa kulia. Nilikwangua kijivu cha Kamil hadi vumbi likaniingia machoni. Nikapaka mweupe wa juu na mweupe wa chini.

Na je, walinicheka? Hata kidogo. Bwana wa ramani alivua kofia yake. Wengine wakakaa kwenye magogo, wakafungua mikate yao, wakala polepole bila kelele. Kundi lililofuata lilipokuja linapiga soga, mtu akaliambia, "Sss! Subirini. Wanaweka alama."

Wanaweka! Kana kwamba tumeshuka kumi kutoka mbinguni, na sio yule yule mzee waliyemwita mlevi.

Nikangoja mweupe ukauke, kwa sababu mimi si Kamil. Nikapaka mwekundu katikati, nikachora mshale wa kulia. Nikavuka njia, nikaifunika ile takataka ya kushoto kwa kijivu changu mwenyewe, mara mbili.

"Aa," akasema bwana wa ramani na kusimama. "Kumbe ni kulia."

"Nimekwambia nini sasa hivi?"

"Ulisema, ndiyo. Lakini hapakuwa na alama."

Nusura nimpake brashi usoni. Akauinamia mti kidogo, akaushukuru mti, wallahi, akashuka kuelekea Vrbčice, na wote nyuma yake. Kila kundi lililofika baadaye lilitupa jicho mtini, likapinda kulia bila kusimama.

Haukupita muda Kamil akatokea kushoto, anahema, tai shingoni na kopo lake mkononi.

"Umefanya nini, Mzee?"

"Kazi yangu."

"Watu wamekatika ghafla! Bwana Injinia anangoja kule mnarani na bendi ya tarumbeta!"

"Basi apigiwe tarumbeta."

"Vua beji. Nakuamuru kama mwenyekiti."

"Njoo uivue."

Hakuja. Alikwenda kwenye mti, akafungua kopo, akachovya brashi. Wakati huo huo ikafika familia moja kutoka ngomeni, baba, mama, na bibi mzee mwenye tochi kofiani mchana kweupe. Huyo bibi akapiga ukelele uliowarusha ndege.

"We! Weka chini hiyo brashi! Anaharibu alama!"

"Mimi ni mwenyekiti wa chama, mama."

"Mwenyekiti gani ana kopo la kijivu? Kuharibu alama ya njia ni kosa la kushtakiwa! Jina lako nani?"

"Mama, nisikilize, alama hii ndiyo ya uongo—"

"Ya uongo? Itazame ilivyonyooka!"

Baba wa familia akaanza kumpiga picha na simu yake. Kamil akanitazama, masikio yakiwaka, akitaka nimtetee. Nami nilijua neno moja langu lingetosha kuwatuliza. Nikafuta brashi yangu kwa kitambaa, polepole, nywele moja moja. Akarudi alikotoka, rangi ya kijivu ikidondokea viatu vyake vya sherehe.

"Watu wa siku hizi hawaogopi kitu," bibi akaniambia kwa huruma.

"Mama," nikamwuliza, "kama yeye angefika kwanza na mimi baadaye, ungempigia kelele nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni. "Anayeharibu alama, bila shaka," akasema, akapinda kulia.

Nikakaa kwenye gogo. Chini kijijini nilisikia makelele ya baa, meza zikiburutwa nje, mtu akiimba. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa na hasira iliyokosa hata pa kukaa. Kesho Kamil atarudi, au atakuja mwingine mwenye mkono mzuri kuliko wake, na watu wale wale waliojaa kwa binti yangu watapinda kushoto, watazame mbao za Šulc, waseme njia imewekwa alama vizuri.

Jua lilikuwa limeinama Blažena alipopanda, na bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Ndilo la mwisho," akasema. "Wamekula mpaka ukoko. Jirani anaosha vyombo na kunitukana. Mbona hukushuka?"

"Nikishuka Kamil ataifunika alama."

"Utalala hapa?"

"Ikibidi."

Akakaa kando yangu. Nilikula. Supu ilikuwa imepoa, nami nikaila kwa hasira, na yeye akanitazama hadi nikamaliza.

"Jumatatu siendi," akasema. "Lakini usivimbe kichwa. Nimesema Jumatatu tu."

"Sijavimba."

"Mwenye ramani amenieleza. Anasema kuna mzee mkali njia panda, ila alama ni safi sana." Akanyoosha mkono. "Nipe brashi. Shuka ukapumzishe mgongo, mimi nitalinda mpaka giza."

"Wewe? Huwezi kupaka mstari ulionyooka."

"Nitapaka uliopinda, Baba," akasema, akaichukua mkononi mwangu. "Watapinda nao."