Kiazi Amekaa

Kabla ya mchana, mafuta ya karai kubwa huwa yameshapata moto lakini wateja hawajapata njaa, na huo ndio wakati Shangazi alioupenda kuliko wote. Alimenya viazi, akavikata, akavitandaza kwenye kitambaa vikauke maji, huku akiwasema watu ambao hawakuwepo kujitetea. Kila mtu dukani alimwita Shangazi, hata Bosi, ingawa kwa damu alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu pale ndani: binti wa kaka yake, aliyesimama kaunta akipokea oda.

Binti huyo alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa imefikia pale ambapo tumbo hutangulia mlangoni, mwenyewe akafuata baadaye. Miguu ilimvimba hadi akawa anavaa ndala za mume wa Shangazi. Alichokitaka hapa duniani kilikuwa kiti. Hakutaka likizo wala nyongeza, alitaka kiti, tena hata kile kistuli cha stoo cha kupandia wakati wa kushusha maboksi kingemtosha kabisa. Bosi alikataa. Si kwamba Bosi alikuwa mtu wa ukali. Alikuwa mtu wa imani, na imani yake ilikuwa kwamba chipsi zinazouzwa na mtu aliyekaa huonekana zimepoa. Kwa hiyo hakuna kukaa mbele ya mteja. Aliyewahi kukaa aliambiwa akaendelee kukaa kwao.

"Bosi, mpe mtoto kiti," Shangazi alimwambia siku hiyo, kama alivyomwambia jana yake na juzi yake. "Huyo anasimamia watu wawili kwa miguu miwili."

"Nikimpa yeye, Shangazi, kesho kila mtu atataka."

"Kila mtu ndiyo nani? Ni mimi na yeye. Na mimi nikikaa nani atakaanga, mzimu?"

Bosi akacheka kwa heshima, maana Shangazi alikuwa mkubwa kwake kwa umri, kisha akaingia ofisini. Ofisini mle kulikuwa na viti vitatu, na kimoja kilikuwa cha koti lake.

Akaingia dereva wa teksi, mteja wa kila siku, macho yake yamo kwenye simu. Alikuwa anacheza lile gemu ambalo wakati huo kila mtu alikuwa nalo. Unakimbia mjini, walinzi wanakufukuza, na ukiishiwa pumzi unautafuta mkahawa wa chipsi wa pale kona. Mlangoni pake anasimama Kiazi. Ana mikono na miguu, ana kofia nyekundu, na tabasamu amechorewa kwa hiyo halimtoki. Ukimpiga teke anaanguka, anasema "Umeniweza!", anainuka, na wewe unapata nguvu mpya za kukimbilia. Kwamba kiazi ndiye anayetangaza chipsi, yaani anawakaribisha watu kwenye msiba wa ndugu zake, hilo halijawahi kumkosesha mchezaji yeyote usingizi.

Dereva aliilaza simu kaunta, kando ya chupa ya sosi, ili ajipekue mifukoni. Kiazi akatoa mguu mmoja nje ya kioo, akatoa wa pili, akakwama kofia, akajivuta, akatoka. Aliiruka chupa ya sosi na kuteremka kwa kushikilia kitambaa cha kufutia meza, na alipogusa sakafu alikuwa amefika kifuani kwa mtu mzima. Akaenda moja kwa moja mlangoni, akageukia barabara, akaanza kupunga mkono.

"Karibu, moto moto!" alisema.

"Lahaula, chaji yote imekwenda," alisema dereva, akiigeuzageuza simu yake.

"Umemleta mwenyewe, usitununie sisi," Shangazi alimjibu. "Na wewe Kiazi, futa miguu. Nimepiga deki sasa hivi."

Kiazi akafuta miguu.

Bosi alipotoka ofisini alimzunguka mara moja, kama mtu anayekagua friji ya mtumba. "Hiki kinakula?" aliuliza. Binti wa kaunta akasema hajaomba chakula. "Kinalala?" Hilo hakuna aliyelijua. "Kinadai chochote?" Kiazi akasema, "Ongeza chumvi!", lakini ikaonekana kwamba ni msemo tu, alikuwa na misemo mitatu na huo ulikuwa mmojawapo. "Basi kibaki," alisema Bosi, akarudi ndani.

Kikabaki, kwa lugha ya Bosi. Siku hiyohiyo wateja wakagundua kwamba teke lake linafanya kazi huku nje kama linavyofanya kule kwenye gemu. Ukimpiga unapata nguvu kweli. Mwalimu mmoja mstaafu alimwomba radhi kwanza, akamgusa kwa ncha ya kiatu, akaondoka kwa mwendo wa kijana na fimbo ameibana kwapani. Wapakiaji wa duka la simenti la jirani walikuja kwa zamu. Kiazi alianguka, akasema "Umeniweza!", akainuka, akapunga. Waliompiga waliona aibu kuondoka mikono mitupu, kwa hiyo wakanunua chipsi, na Shangazi akakaanga hadi mkono wa kutikisia kikapu ukafa ganzi.

"Mguse na wewe kidogo, mama," dereva alimshauri binti wa kaunta. "Tazama miguu yako ilivyo. Teke dogo tu."

"Siwezi," alisema binti. "Na yeye amesimama."

Mambo yangeishia hapo kama Bosi angejua kunyamaza. Lakini jioni, binti alipoegemea ukuta na kufumba macho, Bosi alimwelekezea mlangoni kwa kidole. "Umekiona kile? Tangu kimefika kimesimama. Kimedai kiti? Hakijadai."

Shangazi akaweka kikapu chini. Ukimjua Shangazi, akiweka kikapu chini na mafuta yako motoni, ujue kuna jambo.

"Amesimama," alisema.

"Ndiyo, kimesimama."

"Amesimama, Bosi. A. Hajadai kiti."

"Shangazi, ni kiazi. Kiazi kimesimama. Hata shuleni tulifundishwa hivyo."

"Na kinyozi? Kinyozi kinanyoa au ananyoa? Kipofu kimepita au amepita? Na kiongozi je? Mbona hatusemi kiongozi kimekula, tunasema amekula, tena tunamtaja na alichokula?"

Wateja wakacheka. Bosi naye akacheka, akasema atalifikiria, na Shangazi akakiokota kikapu chake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na alimweleza mpwa wake wakati wa kufunga, akimkanda miguu kwenye beseni la maji ya chumvi kule nyuma. Kitu hakichoki. Mtu huchoka. Kiazi akikubalika kuwa mtu, itabidi apewe kiti, maana watu wote wameshaona anavyopigwa. Na mgeni wa juzi akipewa kiti, Bosi atamwangaliaje usoni mjamzito na kumwambia wewe simama?

"Na akikataa?"

"Akatae nini? Mdomo wake wenyewe utamponza. Mwanangu, mimi nimemlea baba yako, ambaye alikuwa mbishi kuliko mlango wa bati. Huyu ni mdogo sana kwangu."

Kuanzia hapo Shangazi hakuacha mwanya. Mteja akisema "kinapunga", yeye anadakia kutoka jikoni "anapunga!" na kumwongezea chipsi mbili za bure akirudia vizuri. Haikuchukua muda foleni nzima ikawa inasema a. Dereva alikuwa wa kwanza kuongoka, kwa sababu alipenda chipsi za bure na kwa sababu, alisema, Kiazi alikuwa ametoka kwenye simu yake na mtu hawezi kumwita kitu mtu wa nyumbani kwake. Bosi peke yake alishikilia ki, tena aliitamka kwa uangalifu, kama mtu anayevuka barabara.

Kiazi mwenyewe hakuwa na habari na mjadala huo, au kama alikuwa nayo hakuwa na maneno ya kuchangia. Alikuwa anaanza kuharibika. Upande uliopigwa na jua la mlangoni uligeuka kijani. Magotini na kwenye viwiko vikamtoka vichipukizi vyeupe, ambavyo Shangazi alimkatia kila asubuhi kwa kisu kidogo, taratibu, akimwambia pole. Sauti ikapungua. "Umeniweza" alianza kuisema hata pale ambapo hakuna aliyempiga.

Ijumaa mchana, foleni imefika nje, mpakiaji mmoja wa simenti alimpiga teke la kawaida tu, na Kiazi akaanguka asiinuke. Alilala chali, mkono mmoja bado unapunga. Watu wakamruka kwa uangalifu wasimkanyage. Shangazi akazima moto, akaingia stoo, akatoka na kile kistuli, akakiweka mlangoni katikati ya watu. Akamshika Kiazi kwapani na dereva akamshika miguu. Wakamkalisha.

Kiazi akashusha pumzi, na ilitoka kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Kisha akaviweka viganja juu ya magoti. Hakuna aliyewahi kuiona mikono yake imetulia. Binti wa kaunta alimtazama akasahau kuhesabu chenji, na machozi yakamtoka, si ya huzuni, alisema baadaye, bali ya kuona tu mtu amekaa.

Bosi akatoka ofisini. Aliiona foleni, akaona moto umezimwa, akaona kistuli.

"Nani amemruhusu akae?"

Friji ya soda, ambayo haikuwahi kunyamaza tangu inunuliwe, ikakata mlio.

"Rudia, Bosi," alisema Shangazi. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, na moyo wake ulikuwa mweupe pe kwa furaha. "Rudia tulisikie wote. Nani ame-m-ruhusu a-kae."

Dereva akapiga makofi. Wapakiaji wakamwambia, "Bosi, umewezwa!", na foleni ikaangua kicheko hadi nje.

Bosi hakukasirika. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na neno likishamtoka hakulikana. Alisimama akifikiri, akikuna shavu.

"Haya," alisema. "Nimeshindwa. Ni mtu."

"Na mtu huchoka."

"Mtu huchoka, Shangazi. Sibishi."

"Basi kistuli kibaki hapo kilipo, na cha pili kitoke ofisini kije kaunta. Kuna mtu mwingine amechoka tangu kabla huyu hajaja."

Binti akaiacha kaunta aliyokuwa ameishikilia. Alijiweka tayari, kama mtu anayesikia jina lake linakaribia kuitwa.

"Subiri kidogo," alisema Bosi. "Nisaidie hapa, maana wewe ndiye umenifundisha. Kitu kikikaa, hakina kosa. Meza imekaa. Gunia limekaa. Kama kingekuwa kitu ningekiacha hapo mwaka mzima. Lakini tumekubaliana ni mtu, na amekaa mbele ya wateja. Mtu akikaa mbele ya wateja hapa, tunamfanyaje?"

Wote walilijua jibu. Mpakiaji mmoja akatazama viatu vyake.

"Umeona," alisema Bosi, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

Akamwendea Kiazi, akamvua kofia nyekundu, akampa mkono. Alimshukuru kwa kazi nzuri, akamtakia maisha mema, akamwita ndugu yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa kwa mkono. Kiazi akaupokea mkono, akautikisa, akasema "Karibu, moto moto!", kisha akainuka mwenyewe na kutoka. Hakwenda mbali. Alishuka ngazi moja, akakaa ukingoni mwa barabara, miguu ameinyoosha juani, na ikajulikana kwamba hapo ndipo atakapokuwa.

Bosi alikirudisha kistuli stoo, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Shangazi akawasha moto. Ilimuuma hadi kwenye meno. Alikuwa ameshinda neno kwa neno, mbele ya mashahidi, na mkononi hana kitu. Alitamani apate la kusema, yeye ambaye hajawahi kulikosa, lakini mafuta yalianza kuunguruma na viazi vilikuwa vinangoja, kwa hiyo akavimimina.

"Shangazi," mpwa wake alimwita kutoka kaunta.

"Bee, mama."

"Ulikuwa na haki."

"Najua nilikuwa na haki," alisema Shangazi kwa ukali, akageukia karai.

Foleni ikaanza kusogea. Wateja waliokuwa wanafika walimkuta Kiazi ukingoni mwa barabara, na hakuna aliyempiga tena, maana sasa alikuwa mtu. Walimwambia pole na kazi. Walimuuliza kama jua si kali mno. Mwalimu mstaafu alimsogezea boksi la kadibodi la kukalia asipate baridi ya saruji, akamgonga begani kirafiki, kisha akapanda ngazi, akaingia dukani, akajipanga nyuma ya wenzake, akingoja zamu yake ya kuhudumiwa na yule binti, ambaye alikuwa ameegemeza tumbo kwenye kaunta na kuinua mguu mmoja, kisha akaushusha na kuinua mwingine.