Daraja Tulilomficha Mbunge

Kijiji chetu kiko nje ya Kindu, ng'ambo ya mto Kalombe, na njia ya mjini inapita kwenye daraja la miti. Wakati wa vita tuliling'oa sisi wenyewe ili wenye bunduki wasitufikie. Waliokimbia mji tuliwavusha kwa mtumbwi. Mmoja wao alikuwa Florentin, mwanafunzi aliyekuwa akitetemeka kwa malaria. Jirani yangu Mwavita alimpa shuka lake, akalala kwa baridi bila kumwambia mtu.

Vita vilipokwisha tukapiga kura. Mbunge wa kwanza tulimwona kwenye picha tu. Wa pili alileta fulana na chumvi, akaenda Kinshasa, hakurudi. Kwa hiyo Florentin aliposimama kugombea hatukuuliza mengi. Amekula sombe yetu, tukasema, mto wetu anaujua.

Nisimsingizie, alikuwa anakuja. Kila likizo ya bunge tuliona jeep yake. Ila tukisikia anakuja, Zuberi, kapita anayesimamia kijiji chetu, anaitisha salongo, kazi ya wote: wanaume wanakata miti, wanawake tunabeba udongo, mashimo yanafunikwa, majani ya mawese yanatandikwa juu. Kwetu mgeni hapitishwi pabaya. Jeep inavuka taratibu, tunapiga vigelegele. Akirudi mjini anasema redioni kwamba barabara yetu inapitika. Mvua zikianza, daraja linakwenda na maji. Siku moja nilimweleza. Akacheka kwa upole: "Bibi, mbona mimi nimepita?"

Mwaka jana mke wa Bienfait, kijana wa hapa kwetu, alijifungulia ukingoni mwa mto akingoja maji yashuke. Mtoto hakuishi. Mwaka huu mimba ilikuwa ya mjukuu wangu Falone, na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, lazima azalie Kindu. Daraja lilikuwa limebaki nguzo tu. Ndipo ikaja habari kwamba mbunge yuko njiani, na Zuberi akaita salongo.

"Musitengeneze," nikasema. "Mumuache aone."

Zuberi alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya vyombo. "Mama Rehema, muntu mukubwa tumupokee na shimo?"

"Lile njo shimo letu. Sisi tunapita humo."

"Watatucheka mpaka Lokandu."

"Wameshaanza," Mwavita akasema. "Wanasema tuko na mbunge na tunaogelea."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilifanya kazi kuliko maneno yangu. Zuberi akaweka panga chini.

Jeep ilifika ikasimama ng'ambo. Hakuna aliyepiga vigelegele. Florentin alishuka, akatazama nguzo, akapaza sauti.

"Baba kapita, hamukusikia kama nakuja?"

"Tulisikia, Honorable."

"Sasa?"

"Sasa iko vile iko kila siku."

Niliingia majini mpaka magotini, nikamwambia habari za mtoto wa Bienfait na za Falone. Alinisikiliza. Kisha akasema, "Bibi yangu, mbunge hajengi madaraja. Mbunge anamuuliza waziri."

"Na ulimuuliza?"

"Ningemuuliza nini? Kila nikija daraja liko."

Hasira ilinipanda, na sikujua nimkasirikie yeye au majani yetu ya mawese. Mtu aliyelala kwetu akiumwa, je, alihitaji kweli kuoneshwa mto?

Maji siku ile yalikuwa ya kiunoni. Wanaume wakamweka Falone kwenye kipoyi cha fito na kumbeba mabegani. Dereva wa mbunge, Désiré, hakuambiwa na mtu. Alivua viatu, akaingia mtoni, akashika upande uliokuwa unainama. Nyuma ya jeep kulikuwa na magunia ya fulana.

"Honorable," akasema, "hizi zinaweza kungoja hapa."

Florentin akayashusha magunia pamoja naye. Falone alikalishwa mbele.

Kesho yake redio ya Kindu ilitangaza kwamba mbunge ameokoa mama mjamzito. Daraja halikutajwa. Falone alipasuliwa, akapata mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa. Tukangoja kusikia kama sasa mbunge amemuuliza waziri. Wiki zikapita. Désiré alituma salamu kwamba mama na mtoto wako tayari kurudi. Habari ya waziri hakuwa nayo.

Tukakutana tena mtoni.

"Tukitengeneza," Zuberi akasema, "atakuja apite, aseme liko."

"Na tusipotengeneza, Falone atapita wapi na kidonda chake?" Mwavita akauliza.

Mvua ilikuwa imeanza upande wa Kibombo. Niliwaangalia wale wanaume, waliokwisha kulijenga daraja lile mara nyingi kuliko serikali yoyote, nikaona wananingoja mimi niseme.

"Wekeni miti miwili," nikasema. "Muifunge sana. Upana wa mama na mutoto mugongoni. Jeep isipite."

Zuberi aliupima mti wa kwanza kwa macho, akaanza kukata.